Mtungi Wowote

Nyuma ya mgongo wangu wananiita Tindikali. Najua, na wao wanajua kwamba najua. Nimekaa miaka kumi na tisa katika maabara ya damu ya hospitali hii, na jina hilo sikupewa bure, nimelitolea jasho. Nikikuta tyubu imeandikwa kama kuku kachakura, naitupa. Nikikuta mlango wa friji umeachwa wazi, hata wagonjwa wa ghorofani watasikia. Mume wangu husema nikipiga chafya, paka wa jirani huomba radhi. Huwa nacheka. Ila katika habari ya Jumanne ile bado sijaona cha kuchekesha, na kila nikiisimulia napandwa na hasira upya. Tofauti ni kwamba sasa najua wa kumkasirikia ni nani.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mama mzee wa kitanda namba nne, wodi ya wanawake, alikuwa na uvimbe tumboni uliomtoa damu kidogo kidogo tangu mwaka uliopita. Daktari wa upasuaji huja kwetu Jumatano tu, halafu hatumwoni tena kwa wiki tatu. Alikuwa ameshasema: zikiwepo chupa mbili za damu Jumatano saa mbili asubuhi, anapasua. Ikiwepo moja, mgonjwa arudi nyumbani angoje zamu nyingine. Tunasema chupa, ingawa siku hizi ni mifuko ya plastiki. Na ukimfunua mama yule ukope wa chini ukaona weupe wake, ulijua kwamba zamu nyingine huenda isimkute.

Chupa ya kwanza tuliipata Jumatatu kwa mwanawe mkubwa, mwuza mbao, mtu wa sauti nene na funguo nyingi kiunoni. Ilipatana na damu ya mama yake bila ubishi. Ya pili ilikuwa itoke kwa kitinda mimba, fundi baiskeli wa miaka thelathini na ushei, mrefu, mkimya, mwenye grisi kwenye kucha ambayo sabuni imeshindwa nayo. Huyu ndiye aliyemleta mama yake hospitali, amemkalisha nyuma ya baiskeli na kumfunga kwa shuka asidondoke, anakokota mwendo wa saa nzima. Tangu hapo alikuwa akilala kwenye benchi la koridoni. Kumwosha mama, kumlisha, kumfulia, yote yalikuwa yake. Kaka mtu alikuja jioni kuuliza daktari kasemaje.

Sasa nieleze kidogo, maana bila hili hutaelewa nilivyoharibu.

Chembe nyekundu ya damu ni kifuko kidogo. Seli nyingi za mwili zina kiini katikati, ndiyo ofisi ya mkubwa, lakini hii imekitoa kiini chake nje ili ipate nafasi ya kubeba hewa. Kilichobaki ni shehena tu na utando mwembamba unaoizunguka. Utando huo ndio bawabu. Maji unayaachia yaingie na kutoka yatakavyo. Sukari inapita kwa mlango wake maalumu. Chumvi inazuiwa, na ile inayojipenyeza inasukumwa nje kwa nguvu. Kwa hiyo tunapoosha chembe hizi hatutumii maji matupu, tunatumia maji ya chumvi, gramu nane na nusu kwa kila lita, ili nje kulingane na ndani. Ukizidisha chumvi, maji ya ndani hutoka na chembe ikasinyaa. Ukipunguza, maji ya nje huingia, na yakishaanza kuingia chembe haina namna ya kusema inatosha. Inavimba, utando unatanuka, mwisho unapasuka na wekundu wote unamwagika. Na maji yakimwagika hayazoleki.

Kulinganisha damu ni hivi basi. Unachukua chembe za mtoaji, unaziosha mara tatu kwa maji ya chumvi, unazichanganya na majimaji ya damu ya mgonjwa, unaziacha nusu saa kwenye joto la mwili, kisha unazizungusha kwenye mashine. Zikitua chini na maji ya juu yakabaki angavu, damu zimepatana. Zikigandamana, au zikipasuka na maji yakawa mekundu, zimekataana, na ukimwekea mgonjwa damu hiyo umemuua. Kanuni inataka pembeni pawe na tyubu moja ya ziada, ambamo chembe za mgonjwa mwenyewe zinawekwa katika majimaji yake mwenyewe. Hiyo lazima itulie, kwa sababu damu haina ugomvi na nafsi yake.

Tyubu hiyo mimi nilikuwa nimeacha kuiweka. Stoo walikuwa hawajatuletea tyubu kwa miezi miwili, nilibakiwa na ishirini na moja, na kwa miaka kumi na tisa tyubu ile ilikuwa haijawahi kuniambia neno.

Kuna jambo jingine, la Ijumaa iliyotangulia. Juu ya rafu yetu kuna mitungi miwili ya plastiki yenye bomba, lita ishirini ishirini, inafanana kama pacha. Mmoja ni wa maji ya mvuke, yaani maji yaliyochemshwa mpaka yakabaki maji tu, bila chumvi wala uchafu. Mwingine ni wa maji ya chumvi. Wa mvuke hujazwa na Shangazi, mama wa usafi, ambaye pia ndiye anayeangalia mtambo wa kuchemshia. Si shangazi wa mtu yeyote pale, ila wote tunamwita hivyo. Ijumaa nikaukuta mtungi wake umefika nusu wakati nina kazi rundo. Nilimsema mbele ya watu, nikapayuka mpaka karani wa mapokezi akachungulia. Maneno ya mwisho nayakumbuka vizuri kwa sababu nilikuja kurudishiwa kama yalivyo.

"Nikikuta tena mtungi wowote humu ndani uko nusu, mimi na wewe hatutaelewana."

Shangazi alijifuta mikono kwenye aproni, akaitikia kwamba amesikia. Umri wake ni wa kunizaa.

Jumatatu alasiri maji ya chumvi yakaisha. Kwenye kopo la chumvi kulikuwa na gramu themanini na tano tu, za kutosha lita kumi. Nikatengeneza hizo lita kumi, nikazimimina mtungini, zikafika nusu. Nikaenda zangu nyumbani.

Jumanne saa tatu nesi wa kutoa damu akaniletea damu ya fundi baiskeli. Chupa nikaiweka kwenye friji, sampuli nikaanza kuiosha. Mwosho wa kwanza, maji ya juu yakawa na wekundu kidogo. Nikasonya. Hiyo hutokea mtoaji akivutwa damu kwa pupa au tyubu ikitikiswa njiani, chembe zikaumia. Nikaosha tena, wekundu uleule. Nikatoa kichwa mlangoni na kumwambia nesi kwamba damu si juisi, haitikiswi. Nesi ni binti aliyemaliza chuo majuzi tu, mpole ila si mjinga. Alijibu kwamba hakuitikisa. Nikamwambia asibishane na mtu mzima.

Nikaendelea. Nusu saa kwenye joto, nikazungusha, huku nimeikanyagia mashine mguu maana bila hivyo inatembea juu ya sakafu. Nilipotoa tyubu, maji ya juu yalikuwa mekundu waziwazi. Zimepasuka. Nikaandika kwenye fomu: hazipatani.

Hapo ningeweza kumwita nesi, akaipeleka fomu wodini kimyakimya, wakatafuta mtoaji mwingine. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini nilikuwa nimechelewa, watu walikuwa wamejaa koridoni, na kaka mtu alikuwa amekwisha kugonga kidirisha changu mara tatu kwa funguo zake. Aligonga mara ya nne. Nikakifungua kwa kishindo.

"Ya huyu wa mwisho imekataa," nikasema. "Tafuteni mwingine."

Koridoni palikuwa na watu kama kumi na watano. Wake wa watu, mjomba mtu, majirani waliokuja kumjulia mgonjwa hali, na wengine wasiohusika kabisa waliokuwa wakingoja majibu yao ya malaria. Wote walinisikia. Fundi baiskeli alikuwa amekaa benchini, pamba bado imebandikwa mkononi.

"Nilijua," kaka mtu akasema.

Hakusema kwa sauti kubwa. Mjomba akamwambia aache, na kwa jinsi alivyomwambia nikaelewa kwamba habari hii si ya leo. Baadaye nilisimuliwa kwamba mwaka ambao mama mzee alishika mimba ya mwisho, baba yao alikuwa kwenye kandarasi ya barabara mbali na nyumbani, anarudi kwa nadra. Wenye midomo walihesabu miezi, wakahesabu tena. Kijana akatoka mrefu katika nyumba ya wafupi. Basi miaka thelathini na ushei watu wale walikuwa wanaitafuna habari hiyo bila kuimeza wala kuitema.

Mtu mwenye akili timamu angetoka pale na kuwaambia kwamba damu ya mtoto kukataana na ya mama yake ni jambo la kila wiki, halina uhusiano wowote na nani alilala wapi. Nilijua hivyo. Nina cheti cha kujua hivyo. Lakini mashine ilikuwa inalia, na nilikuwa na kisirani kwa ajili ya nesi na kwa ajili ya funguo za yule bwana kwenye kioo changu. Nikafunga kidirisha.

Nyuma ya kioo nilisikia sauti zikipanda. Dada yao, mshonaji, alikuwa anamwambia kaka yake amche Mungu, mama yuko kitandani. Kaka akamjibu kwamba yeye hakusema, kimesema kipimo. Nikasikia benchi likisogezwa. Nilipochungulia baadaye fundi baiskeli hakuwepo, na juu ya benchi aliacha chupa ya chai ya mama yake, sahani iliyooshwa, na shuka alilokunja vizuri sana.

Saa sita dada mtu akajitolea. Huyu hata asiyewajua angemtambua. Pua ya mama yake, mwendo wa mama yake, hata namna ya kuguna ilikuwa ya mama yake. Nesi akamtoa damu taratibu, nikiwa nimesimama pale pale kuhakikisha hatikisi kitu. Nikaosha. Wekundu. Nikaosha tena. Wekundu. Nikazungusha, na nilipoinua tyubu dhidi ya mwanga maji yalikuwa mekundu kama ya asubuhi.

Nikawaka. Nilisema sindano ni butu, nikasema tyubu hazikuoshwa vizuri, nikasema mashine imezeeka na hospitali hii yote inastahili kufungwa. Nesi aliniacha mpaka nikaishiwa. Halafu akauliza swali lake kwa adabu zote.

"Dada, ile tyubu ya mgonjwa na damu yake mwenyewe, uliiweka?"

Nilitaka kumwambia kwamba nilianza kazi hii yeye akiwa anajifunza kutembea. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini swali lilikuwa la haki, na haki inaudhi zaidi inapotoka kwa mtu uliyemgombeza asubuhi. Nikachukua tyubu. Nikaweka chembe za mama mzee, nikaziosha mara tatu, nikazichanganya na majimaji yake mwenyewe. Nikaziweka nusu saa kwenye joto. Nikazungusha.

Nyekundu.

Damu ya mama mzee ilikuwa imejikataa yenyewe. Kwa kipimo changu, hata yeye mwenyewe hakuwa yule aliyelala kitanda namba nne.

Nikakaa juu ya stuli. Kisha nikadondosha tone la damu kwenye kioo, nikaongeza maji ya chumvi kutoka mtungini, nikaweka chini ya hadubini. Chembe nyekundu ikiwa salama ina bonde katikati, unaliona kama kivuli chepesi. Nilitazama mabonde yale yakifutika. Chembe zikaumuka, zikawa duara tupu, kubwa, zimebana. Halafu moja ikatoweka. Haikwenda popote, ila wekundu wake ulitoka na ukabaki mduara hafifu usio na kitu, utando uliobaki kulinda nyumba tupu. Ikafuata nyingine. Nikainua macho, nikatazama rafu.

Mtungi wa maji ya chumvi, niliouacha nusu, ulikuwa umejaa mpaka shingoni.

Shangazi nilimkuta kwenye sinki la nyuma anasuuza mopu. Nilimwuliza nani amejaza mtungi wa kushoto. Akasema ni yeye, asubuhi, kabla sijafika. Nikamwuliza kwa nini, na nadhani sauti yangu ilishaanza kupanda, kwa sababu aliiweka mopu chini kabla ya kujibu.

"Si ulisema mtungi wowote?"

Hakunikejeli. Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kujua safari hii amekosea wapi. Akaeleza kwamba aliukuta nusu, akaogopa nikifika nitamfokea tena, akaujaza maji ya mvuke mpaka juu. Hata alipanda kiti, na goti lake ni bovu. Gramu themanini na tano za lita kumi nikawa nimezipata katika lita ishirini. Chumvi nusu. Si pungufu mno kiasi cha kupasua chembe zote papo hapo, ningeshtuka, bali kiasi cha kuzipasua baadhi, taratibu, ili mimi nipate muda wa kugombana na dunia nzima.

Nilitafuta wa kumlaumu, nakwambia kweli. Nilisimama pale mbele ya sinki nikitafuta. Stoo wasioleta chumvi, stoo wasioleta tyubu, mtambo, mitungi inayofanana. Kila njia niliyoifuata ilinirudisha kwenye mdomo wangu mwenyewe. Nikamwambia Shangazi hana kosa. Akanitazama kwa mashaka, akaokota mopu yake.

Chumvi ya maabara haikuwepo, na mwenye funguo za stoo alikuwa ametoka kula na hakurudi. Nesi ndiye aliyekimbia wodini akaja na chupa ya dripu ya maji ya chumvi, ile wanayowatundikia wagonjwa, ambayo chumvi yake inatosha. Tukaanza upya, sampuli zote, pamoja na ile tyubu ya ziada. Safari hii maji ya kuoshea yakatoka angavu. Mama mzee akapatana na nafsi yake. Damu ya kaka mtu ikatulia kama Jumatatu. Ya dada mtu, yule mwenye pua na mwendo wa mama yake, ikagandamana vidonge vidonge. Hiyo ilikuwa imekataa kweli, kwa chumvi sahihi na kwa haki. Na ya fundi baiskeli ikatua chini ya tyubu, imetulia, maji ya juu hayana doa. Niliirudia mara ya pili kwa sababu nilikuwa sijiamini tena. Jibu likawa lile lile.

Saa kumi na moja kasoro nikatoka. Sikufungua kidirisha, nilipita mlangoni, nikasimama koridoni nikiwa bado na aproni. Walikuwa wamebaki watatu, kaka mtu, mke wake na dada yao. Wale wengine walikuwa wamekwisha kuondoka na habari ya asubuhi mifukoni, na kwa simu zilivyo siku hizi najua ilikuwa imeshafika hadi kwa mashemeji wa mashemeji. Nikawaambia kwamba kipimo cha asubuhi kilikuwa kibovu, kwamba mbovu si kipimo tu bali mimi niliyepima, kwamba maji yangu yalikuwa na chumvi pungufu na yangepasua damu ya mtu yeyote. Nikasema damu ya mdogo wao imepatana na ya mama, na kesho mama anapasuliwa.

Dada mtu akaanza kulia. Kaka akazungusha funguo zake kidoleni.

"Kwa hiyo ni wa baba?"

"Hapa tunaangalia kama damu zinapatana," nikamwambia. "Baba wa mtu hatumjui. Ya dada yako imekataa, na hiyo nayo haina maana yoyote."

Unajua alifanya nini? Akamgeukia dada yake, akamtazama usoni, taratibu, kuanzia paji la uso. Kuna tando ambazo ukweli haupiti hata uusukume kwa mabega yote mawili, na uongo unapita wenyewe bila kubisha hodi. Nilimwambia aache kumtazama dada yake hivyo, na kwamba kama ana la kuuliza aniulize mimi. Hakuuliza. Alisema basi, yamekwisha, tusonge mbele, kwa sauti ya mtu anayekusamehe wewe. Nikamwomba nambari ya simu ya mdogo wake. Simu ilikuwa imezimwa, na jioni yote ikabaki imezimwa.

Jumatano mama mzee aliingia chumba cha upasuaji saa mbili na robo. Chupa ya kaka ilitumika mle ndani. Alitoka salama, uvimbe umeondolewa, na saa saba wakamtundikia chupa ya pili wodini. Nililinganisha nambari mwenyewe kabla ya kuitundika, nikaona inaanza kudondoka, kisha nikavua aproni na kwenda kumtafuta fundi baiskeli.

Kibanda chake hakikuwa mbali, nyuma ya soko, baiskeli zimening'inizwa miguu juu. Alikuwa anaweka kiraka kwenye tairi. Nilijitambulisha, ingawa alinijua. Nilieleza yote, mtungi, chumvi, Shangazi, na sehemu yangu sikuipunguza. Alisikiliza huku anasugua mpira kwa msasa. Nilipomaliza akaniuliza asubuhi ile koridoni palikuwa na watu wangapi. Nikasema kumi na tano hivi. Akauliza nilipokwenda kusahihisha nilikuta wangapi. Nikasema watatu.

Akatikisa kichwa polepole, akapaka gundi.

"Miaka yote wamenisema," akasema, "lakini hawakuwa na karatasi. Karatasi umewapa wewe."

Tindikali mzima, nimesimama kwenye vumbi la soko. Nilitamani anitukane, ningejua la kufanya. Nikamwambia tu kwamba nitaandika barua ya kukiri kosa, na muhuri wa hospitali, awape anaotaka. Akasema karatasi zimetosha. Akabandika kiraka, akakikandamiza kwa kidole gumba na kuhesabu kimoyomoyo. Halafu akauliza, bila kuniangalia, kama damu yenyewe imetumika au ilimwagwa.

"Iko kwenye dripu sasa hivi," nikasema. "Inaingia."

Alinawa mikono muda mrefu, kwa sabuni ya unga. Aliniambia nitangulie.

Alifika wodini saa tisa na nusu, saa ambayo kaka mtu huwa dukani. Chupa ilikuwa imebaki robo. Mama mzee alikuwa ameanza kuamka, bado mzito wa ulimi, anageuza kichwa kila mlango ukilia. Alipomwona mwanawe akajaribu kuinua mkono wenye mpira wa dripu, nesi akamzuia.

"Mbona umechelewa?" mama akamwuliza. "Wenzako wote walikuja asubuhi."

Fundi baiskeli alikaa pembeni mwa kitanda. Alitazama mfuko uliotundikwa, akafuata mpira kwa macho, tone baada ya tone, mpaka pale unapoingia mkononi mwa mama yake.

"Nilitangulia, mama," akasema. "Nimo humo tangu saa saba."

Mama mzee hakuelewa. Mimi nilielewa, nikatoka nje haraka kabla sijafungua mdomo nikaharibu na hilo.